Wema Baada ya Maangamizi
Umeuliza kama riwaya za dunia iliyoangamia zina lolote zaidi ya njaa na mapigano. Zinalo, na kwa maoni yangu uzito wake uko katika swali la iwapo wema hubaki kuwa wajibu pale unapoweza kukugharimu uhai. Katika riwaya ya The Road ya Cormac McCarthy (2006), baba anayesafiri na mwanawe mdogo katika dunia iliyoangamia anamkamata mtu aliyewaibia kila kitu, anamvua nguo zote na kumwacha kwenye baridi. Mwanawe analia hadi wanarudi na kuziacha nguo zile barabarani, ingawa mwizi mwenyewe haonekani tena. Baba ana hoja, kwani wizi ule ungewaua, lakini ni yeye aliyemfundisha mtoto kwamba wao ni watu wema. Ukilinganisha na swali hilo la wema, suala la nani atawale baada ya maafa naliona lina uzito mdogo zaidi.