Weka hiyo gundi chini kwanza, mkuu

Mkuu, umeuliza habari za fremu na bei ya kolaji yako; huko tutafika. Hapo uliposema usiku huu unaanza kubandika vipande vya kitenge na majarida kwenye manila ya A3 "kuanzia kona ya kushoto", hapo ndipo nimeshtuka. Acha. Funika chupa.

Kubandika huku unapanga ndiko kunakoua kolaji dhahania, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa isiyoonyesha kitu halisi. Kipande cha kwanza kikishashika hakihami tena. Cha pili unakikata kikifuate, cha tatu kizibe pengo, na ukifika katikati hupangi tena picha, unaziba matundu. Vipande vinatoka saizi moja, kila rangi inapiga kelele, jicho halina pa kutua. Kwa mbali ni ukuta wa kibanda uliobandikwa magazeti upepo usiingie. (Ninazo 12 za namna hiyo chini ya godoro. Zimenyoosha mgongo, hasara si yote.)

Na yule mwalimu wa video aliyetuambia "fuata hisia, bandika tu"! Manila zinazomharibikia mbona hatuonyeshi?

Matisse, yule mchoraji Mfaransa, uzeeni kule mjini Nice, Ufaransa, vipande vyake vilichomekwa ukutani kwa pini, akaagiza vihamishwe huku na kule. Gundi ilikuja mwisho. Kolaji yake iitwayo "Konokono", ya 1953, ni karibu mita 2.9 kila upande, na vipande vyake unavihesabu bila kuchoka.

Kwa A3 kata vipande kama 15: viwili vikubwa kuliko kiganja, vitano vya wastani, vingine vidogo hadi saizi ya kucha. Vipange vikavu. Kikubwa kisikae katikati kabisa, na robo ya karatasi iache tulivu. Sasa piga picha kwa simu, uondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo kitenge kitakuumbua: nyekundu na kijani zilizokuwa zikigombana unazikuta kijivu kile kile, picha nzima uji mtupu. Weka kipande kimoja cheusi tii au cheupe pe, kimoja tu, pale unapotaka jicho liende kwanza. Geuza juu chini, piga tena. Hamisha, piga tena. Picha ya kijivu isiposimama yenyewe, rangi haitaiokoa.

Ikisimama, weka alama za penseli kwenye kona, anza na vipande vya chini, gundi nyeupe ipake nyembamba hadi ukingoni. Manila ikinywa maji upande mmoja hujikunja ikikauka, hivyo nyuma nako bandika karatasi, funika kwa nailoni, kandamiza kwa vitabu hadi kesho. Gazeti usitumie, litageuka njano.

Tuma hapa hiyo picha ya kijivu kabla hujafungua chupa.