Niliacha chuo mwaka wa pili, naomba upya au naendelea?

SWALI: Anti habari, niliacha digrii nikiwa mwaka wa pili na miaka sita imepita, sasa nataka kurudi. Naomba kama mtu mpya? Na zile alama mbaya za semista ya mwisho nizifiche?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Kama unarudi chuo kilekile usikimbilie fomu ya wapya, anza kwa msajili uulizie kurudishwa masomoni, vyuo vingi vina fomu yake na ni fupi, ila wataangalia uliondokaje, uliahirisha rasmi au ulipotea tu (mnajijuaga nyie), na kama unadaiwa ada maliza hilo kwanza maana vyuo vingi havitoi transkripti (karatasi ya alama zako zote) kwa mwenye deni. Ukienda chuo kingine, wao ndo wanaamua kozi zipi wakuhesabie, na masomo kama ya kompyuta mara nyingi yanaonekana yamepitwa na wakati, kwa hiyo tafuta silabasi zako za zamani uambatanishe.

Kuficha alama hapana! Fomu nyingi zinataka utaje kila chuo ulichosoma na wakigundua baadaye wanaweza kukufuta hata kama umeshaanza. Kwenye barua ya maombi eleza kilichotokea kwa sentensi mbili tatu, usilie sana, halafu maneno mengine yote yaende kwenye kazi ulizofanya hiyo miaka sita.

Na angalia dedilaini leo leo, ya wanaorudi inaweza kuwa tofauti na ya wapya.