Ukienda Saiprasi angalia unaingilia mlango gani

Mie mtu wa Mombasa nakaa Leicester, Oktoba iliyopita mimi na mume wangu tulikwenda Saiprasi siku nane na tangu turudi meseji haziishi, ati tulipitaje, ati kule si kuna vita, basi naandika hapa niwajibu nyote mara moja.

Kwanza mlango. Kisiwa ni kimoja lakini kimekatwa vipande viwili tangu 1974. Kusini, kwa Wagiriki wa kisiwani, ndio Jamhuri ya Saiprasi, wako Umoja wa Ulaya, pesa yao yuro. Kaskazini Waturuki wa kisiwani walijitangazia nchi yao 1983 na anayeitambua ni Uturuki peke yake. Sasa usidhani hayo ni mambo ya taarifa ya habari, yanaingia mpaka kwenye tiketi yako. Ukishukia Larnaca au Paphos, viwanja vya kusini, umeingia kihalali, unavuka kaskazini na unarudi. Ukishukia Ercan, ule uwanja wa kaskazini ambao ndege zake zinapitia Uturuki, kusini wanakuhesabu umeingia kinyemela, na kwa pasipoti zetu hizi mie singejaribu hata tiketi ikiwa nusu bei. Visa yao iombe mapema, ya Uingereza haikuingizi.

Gari utafurahi, wanaendesha kushoto kama kwetu, hata plagi ni zile za miguu mitatu, ameziacha Mwingereza aliyewatawala mpaka 1960. Lakini soma mkataba wa gari! Wetu ulikataza kabisa gari kuvuka kaskazini na sisi tuligundua tuko foleni kwenye kituo cha kuvukia, mume wangu anageuza gari huku hanisemeshi. Tukavuka kwa miguu mtaa wa Ledra katikati ya Nicosia, mji mkuu, ulifunguliwa 2008, unaonyesha pasipoti huku, unatembea hatua kidogo, unaonyesha tena kule. Wanajeshi usiwapige picha. Na simu izime data, manake ukikaribia ule mstari unaokata kisiwa inarukia mtandao wa Kituruki na bando lako la Ulaya halihusiki, niulizeni mie bili ilivyokuja.

Sasa kubwa kuliko yote ni mdomo. Kusini niliagiza kahawa ya Kituruki, mzee wa mgahawa akanitazama, akaniletea, akasema hii ni kahawa ya Saiprasi mama. Ile ile! Akakaa akanihadithia, na hadithi yake ilianza 1974, maafisa wa kijeshi walipopindua serikali ili kisiwa kiungane na Ugiriki, siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka, watu wakakimbia na funguo za nyumba mfukoni. Kesho yake niko kaskazini, mama mwenye nyumba ya wageni naye ananihadithia, lakini yake inaanza 1963, Waturuki wa kisiwani walipouawa na kufukuzwa vijijini kwao. Nikaelewa kwamba hawa hawabishani tu nani mkosa, hata mwaka wa kuanzia hadithi hawajakubaliana. Kwa hiyo wewe mgeni wa siku nane usiwasahihishe. Watu 2002 waliandikwa kuwa wamepotea, wa pande zote mbili, mpaka leo wanatafutwa mifupa, unayeongea naye huenda ana mtu wake mle.

Halafu Nicosia ya kaskazini nasikia nyuma yangu "we fala, basi si limeshapita!" nikageuka kama nimeitwa jina. Vijana wa Dar, wanasoma chuo kule. Mmoja ajenti alimwambia anakwenda Ulaya, kafika kumbe kusini haruhusiwi kutia mguu, Ulaya anaiona ng'ambo ya ukuta. Wazazi mnaopeleka watoto, ulizeni cheti kinatambulika wapi na mtoto anashukia uwanja gani kabla hamjatoa ada.

Larnaca usikose Hala Sultan Tekke, kaburi la Ummu Haram kando ya ziwa la chumvi. Mliosoma madrasa mnamkumbuka, ndiye Mtume alimwambia atakuwa miongoni mwa watakaopanda bahari, akaja akaanguka kwenye mnyama aliyempanda hapo kisiwani. Sisi ziwa tulilikuta kavu, heroe wanakuja majira ya baridi.

Famagusta, kule kaskazini, tulikwenda na dolmuş, matatu zao hizo. Varosha, ule mtaa wa mahoteli uliohamwa 1974, wamefungua sehemu tangu 2020, watu wanaendesha baiskeli, mie nilikaa dakika ishirini nikatoka, sikuona raha kutembea kama mtalii mbele ya milango ya watu. Msikiti wa Lala Mustafa Pasha ndio ulionishika, kanisa kubwa sana lililogeuzwa msikiti 1571, na mbele yake kuna mti mkubwa, shina limejikunja, wanasema umepandwa 1299. Natazama majani, natazama matunda, kumbe mkuyu! Mkuyu huu huu wetu. Tukakaa kivulini na mikate yetu ya jibini ya hellim, nikamtumia mamangu picha. Akajibu saa ile ile: ondokeni hapo, ni saa sita mchana, mkuyu wa miaka mia saba hauna mwenyewe huo?