Nilivyouhamisha uchovu wangu kutoka Jumatatu kwenda Jumamosi

Jumatatu moja nilisimama mbele ya kidato cha pili nikaandika ubaoni kwamba Mto Rufiji unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Nafundisha Jiografia, na Rufiji nimeuvuka kwa basi mara nyingi nikienda kwetu Lindi. Darasa likanyamaza. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema kwa adabu zote, "Madam, labda ulimaanisha Mto Mara." Tukacheka, nikafuta. Ila moyoni niliingiwa na hofu, maana kichwa kilikuwa kama kimejazwa pamba, miguu mizito, na bado nilikuwa na vipindi vinne mbele yangu.

Nina baridi yabisi, ile inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. Si maumivu ya uzee wala ya kulala kwenye sakafu baridi, kama shangazi yangu anavyoamini mpaka leo. Wakati huo nilikuwa na miezi minne kwenye methotreksati, dawa ya kuituliza kinga hiyo, na vidole vilikuwa vimeanza kunisamehe: chaki nilishika, vifungo vya blauzi nilifunga mwenyewe. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Tatizo likawa uchovu, na uchovu hauonekani kama kidole kilichovimba. Ofisi ya walimu ilikuwa na majibu yake. Wa kwanza alisema malaria. Nikapima mara tatu, sina. Wa pili akauliza kama niko mjamzito. Hilo lilinichekesha kwa uchungu, kwa sababu mwanamke anayemeza methotreksati hatakiwi kabisa kushika mimba, na anayepanga mtoto huongea na daktari miezi kadhaa kabla ili aiache dawa kwanza.

Kilichonisaidia ni daftari. Mwalimu ni mtu wa madaftari, nikachukua moja la mistari nikaanza kuandika kila siku: nimeamka saa ngapi, viungo vimekakamaa kwa dakika ngapi, uchovu nimeupa alama ngapi kati ya kumi, nimemeza nini, nimefanya kazi gani. Baada ya wiki tatu nililisoma kama ninavyosoma ripoti ya mwanafunzi. Jumatatu alama nane, nane, tisa. Jumanne sita. Kuanzia Jumatano tatu, wakati mwingine mbili. Dawa nilikuwa nameza Jumapili usiku. Niliambiwa ni mara moja kwa wiki, nichague siku nitakayoikumbuka, nami nikachagua siku ya kanisa. Yaani nilikuwa najipiga rungu usiku wa kuamkia mstarini.

Lakini daftari lilionyesha na jambo lingine. Kulikuwa na Alhamisi mbili zenye alama nane ambazo methotreksati haikuhusika nazo. Ya kwanza nilikuwa mwalimu wa zamu na nilisahihisha madaftari 92 kwa kikao kimoja. Huo ni uchovu wa kazi, unatibiwa na usingizi. Ya pili niliamka nimekakamaa zaidi ya saa nzima na viwiko vya mikono vimevimba: huo ni ugonjwa wenyewe unanyanyuka, na dawa yake ni kumwona daktari, si kulala. Ukienda kliniki na kusema tu "nachoka", utaambiwa pole. Mimi nilipoweka daftari mezani, mazungumzo yalibadilika. Daktari alipima wingi wa damu, ini na figo, akakuta damu imepungua kidogo, akanianzishia tiba yake. Akanihamishia methotreksati Ijumaa usiku, baada ya chakula, ili saa za mwanzo zipite nikiwa usingizini na ule uzito uangukie Jumamosi.

Usijihamishie mwenyewe. Dozi mbili zikikaribiana ni hatari, kwa hiyo yeye ndiye aliyenipangia nihame vipi. Na hapa nina kisa. Kuna duka la dawa nilinunua vidonge vyangu vya miligramu 2.5, mhudumu akaandika juu ya bahasha "6x1". Kwa lugha ya bahasha zetu hiyo ni vidonge sita kila siku. Mimi dozi yangu ni sita kwa wiki! Mtu anayeimeza dawa hii kila siku kwa makosa anaweza kufa. Tangu siku hiyo kila bahasha naiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: IJUMAA TU. Vidonge vya foliki, ambavyo hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni, mimi nameza siku nyingine, si Ijumaa.

Kama unatumia na prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, iulizie saa. Mimi nilikuwa naimeza usiku kwa sababu ndipo nilipokuwa nakumbuka, na usiku kucha macho makavu nikihesabu mabati. Niliposogeza asubuhi, pamoja na uji, usingizi ulirudi. (Usiikatishe ghafla hata ukiichoka, mwili unakuwa umesahau kutengeneza steroidi yake wenyewe.) Piritoni nayo niliigundua kwenye daftari: nilikuwa naimeza kwa mafua, kisha nashangaa kwa nini nasinzia mpaka saa sita mchana.

Sasa Jumamosi. Makala nyingi za ushauri zingeishia hapo juu, kana kwamba uchovu ukihama siku umekwisha. Haukuisha, ulihamia nyumbani kwangu. Jumamosi shuleni kwetu kuna masomo ya ziada, na kuna pesa yake, ndogo lakini ndiyo ilikuwa inalipa gesi na vocha. Niliiacha. Na Jumamosi kwa mwanamke wa Dar es Salaam ni siku ya kufua, kwenda sokoni na kusuka watoto. Wiki za mwanzo nilifua hivyo hivyo, nikijidai mzima, na Jumapili nikawa sifai hata kwa kanisa. Mwishowe nilimketisha baba watoto nikamfungulia daftari. Si kwamba alikuwa mkorofi; alikuwa haoni. Alipoona zile nane na tisa zimejipanga, aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hii ni ratiba?" Ndiyo, ni ratiba. Tangu hapo nguo nzito anafua yeye na mwanetu mkubwa, soko limehamia Alhamisi jioni, na mama mkwe akija Jumamosi anaelezwa na mwanawe, si na mimi. Hilo la mwisho limenipunguzia uchovu kuliko kidonge chochote.

Kazini nilichelewa kusema kwa kuogopa kuonekana mzembe. Nilipomwendea mwalimu wa taaluma sikuomba huruma, niliomba vitu vitatu: vipindi vyangu visianze kabla ya mapumziko ya asubuhi, kwa sababu ndiyo saa ya kukakamaa, kiti darasani, na zamu yangu isiangukie wiki ya mitihani. Viwili nilipewa palepale, cha tatu baada ya muhula. Nilikwenda na barua ya daktari, nawe nenda nayo. Kwa waajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ila lazima uwe na cheti cha daktari. Sijazitumia zote. Kuzijua tu kuliniondolea ile hofu ya kwenda kazini nikiwa hoi.

Mengine ni madogo. Saa saba mchana naegemea meza ya ofisini dakika ishirini, simu ikiniamsha. Wenzangu wameshazoea kunitania. Jioni natembea robo saa, hata siku ya uvivu, na ajabu ni kwamba siku za kutembea nina alama ndogo kuliko siku za kulala tu. Chai ya rangi siinywi tena pamoja na chakula, kwa sababu inauzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na damu yangu haina ya kuchezea. Pombe sikuwa nayo, lakini kwa mwenye nayo: ini lako tayari lina kazi.

Kuna mambo ambayo si ya kuvumilia wala kuandika kwenye daftari na kusubiri kliniki. Homa, vidonda mdomoni, kikohozi kikavu na pumzi kukata, macho ya manjano, michubuko isiyo na sababu: nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme unameza methotreksati. Na Septrin, ambayo sisi tunainunua dukani kama pipi kila mkojo ukiwasha, haiendi na dawa hii hata kidogo. Zikikutana zinaweza kuangusha uboho, mahali damu inapotengenezwa. Mimi nimeiandika kwenye jalada la daftari, chini ya jina langu.

Leo ni Alhamisi, soko nimeshamaliza. Kesho usiku nitameza vidonge sita baada ya wali, nitalala mapema, na Jumamosi mwanangu ataleta uji kitandani akiwa amekunja uso kwa sababu ndoo ya kufulia inamngoja. Jumatatu nina kipindi cha mito ya Tanzania, saa tano kamili.