Jibu: Mipangilio imejaa dirisha zima, nifiche ipi?

Salaam mkuu. Kwa hiyo wauzaji wanaogopa kugusa mipangilio ya programu yako ya stoo, na ukiificha mafundi wanalalamika. Kwanza angalia maswali ya wateja: kinachoulizwa kila mara kibaki mbele, hata kama wewe unakiona cha kitaalamu.

Mengine fanya kama VLC ya Windows, ile programu ya kuchezea video: chini kushoto mwa dirisha la mipangilio unachagua rahisi au yote. Ila ukichagua yote unamwagiwa orodha ndefu, mgeni anapotea. Hapo iga about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani ya kivinjari cha Firefox: una onyo, sehemu ya kutafutia, na unaweza kuonyesha vilivyobadilishwa tu. Hiki cha mwisho usikose. Fundi anaona papo hapo mteja kachokonoa wapi.

Hujasema mafundi wanaingia kwa akaunti ya nani?