Draiva moja, mikono tofauti

Katika gofu ya diski, mchezo wa kurusha diski hadi iingie kwenye kapu, namba nne zilizochapwa juu ya draiva ya udhibiti (diski ya mirusho mirefu inayohitaji usahihi) humfaa kwa usahihi mtu mmoja tu: yule anayeirusha kwa kasi iliyoundiwa. Chukua Teebird, diski ya kampuni ya Innova, 7/5/0/2. Ya kwanza ni kasi, ya pili kuelea, ya tatu kugeuka diski ikiwa bado na mwendo, ya nne kukata, yaani kupinda upande wa pili, mwendo unapoisha. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia anayetumia bekihendi (mrusho ambao mkono huanzia upande wa pili wa mwili), kugeuka ni kwenda kulia na kukata ni kwenda kushoto. Wa mkono wa kushoto abadilishe pande.

Anayefikisha mita 50 hadi 70 hataiona ile sifuri. Diski hutoka mkononi ikiwa na mwendo mdogo, basi inaanza kukata kushoto mapema na kutua mbali na kapu. Wengi hapo huanza kuiinamisha kulia ili kufidia, na mazoea hayo yakishakaa ni kazi kuyaondoa. Ni bora kubadili diski: Leopard, 6/5/-2/1, ya gramu 150 hadi 165. Kwa mkono wa polepole ile -2 haijitokezi yote, na diski huenda karibu mnyoofu.

Ukifika mita 80 hadi 100, Teebird ndiyo inaanza kupendeza: mnyoofu mrefu, kisha kushoto kidogo mwishoni, kila mara vilevile. Leopard nayo sasa itaelekea kulia kabla ya kurudi, na hiyo ni mali kwenye njia inayopinda kulia. Anayepita mita 110 akiirusha Leopard ikiwa sambamba na ardhi kwa nguvu zote, itageuka kulia isirudi tena. Aiinamishe kushoto wakati wa kuachia, itajinyoosha yenyewe hewani. Firebird, 9/3/0/4, ni yake huyu, hasa siku ya upepo wa mbele, kwa sababu upepo huo huiongezea diski kasi ya hewa na kuifanya igeuke zaidi. Upepo wa nyuma hufanya kinyume.

Lakini usinunue chochote kabla ya kuangalia pua, yaani ukingo wa mbele. Pua ikielekea juu, hata mkono wenye nguvu utaona diski ikikata mapema. Tofauti iko kwenye kimo: ikipanda sana, ikasita, kisha ikadondoka kushoto, tatizo ni pua, ikikata taratibu bila kupanda, ni kasi. Kwa pua, inamisha kifundo cha mkono kama anayemimina chai kutoka kwenye birika, na uzito wa mwili uwe juu ya mguu wa mbele unapoachia.

Plastiki ya bei nafuu huchakaa upesi ikigonga miti, na kadiri inavyochakaa diski hugeuka zaidi na kukata kidogo. Teebird iliyochakaa usiitupe: mpe anayeanza, au ibakize mkobani kwa mirusho ya mnyoofu kati ya miti.