Silingi ya mgongo wa chura inaning'inia, nitumie gundi gani?

SWALI: Fundi mambo vipi, nina Volkswagen mgongo wa chura ya 1967, kaniachia babu. Fundi wa viti kanibadilishia leza ya juu, yaani silingi, kabandika na gundi ya viatu, wiki ya pili tu imeanza kuachia juu ya kioo cha nyuma, ukiigusa inavutika kama bigijii. Jamaa wananambia ninunue ya kupuliza nipige silingi nzima. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Poa ndugu yangu, babu kakuachia mali hiyo. Kuvutika ni joto. Gari likilala juani vioo vimefungwa, bati la juu linafika nyuzi 70 na kitu, gundi za kawaida hapo zinalegea, halafu leza ina mafuta yake ya ulaini na hayo nayo yanahamia kwenye gundi taratibu yanaimaliza. Tafuta gundi ya kontakti (ile ya kupaka pande zote mbili) ya joto kali, soma kopo, chini ya nyuzi 80 rudisha, na iwe imeandikwa inafaa kwa PVC, yaani plastiki ya leza.

Ya kupuliza achana nayo. Silingi yako inabebwa na zile nondo nyembamba zilizopita ndani ya leza, gundi ni ya pembeni tu, kuzunguka vioo na milango. Kwangua ya zamani yote, futa na thina (isiguse rangi ya nje!), anika leza juani ilainike, paka nyembamba kwenye bati na kwenye leza, halafu SUBIRI. Hapo ndo mafundi wetu wanapoharibu, wanabandika ikiwa mbichi. Dakika 10 hadi 15, gusa kwa kidole, iwe inanata ila haikufuati. Anza katikati mbele na nyuma, vuta, ndo uje ubavuni, na vibanio vya nguo vya mama vishike kingo mpaka kesho. Siku ya mvua usijaribu, unyevu unaifanya gundi nyeupe juu haishiki.

Na kabla hujafungua kopo ng'oa betri, kwako iko chini ya kiti cha nyuma, na mvuke wa gundi ni mzito unashuka hukohuko, cheche moja tu umekwisha. Milango wazi yote.

Viti hujauliza ila nakuwahi: mle ndani kuna makumbi ya nazi yaliyoshikwa na mpira, leza yake inavutwa na kufungwa kwenye fremu, haigundishwi. Fundi akisema ayatupe aweke sponji, mnyang'anye ufunguo.